Place ya Koko katika gari la mbio

Jumatano, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, na sasa vumbi la Ndosho, mtaa wetu hapa Goma, limelala, mawe meusi yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Hewa ni nzuri leo. Mimi siko mzuri.

Nimekasirika. Naandika haraka kwa simu kabla hasira haijapoa, maana nikilala nayo, kesho nitajiambia kwamba lilikuwa jambo dogo. Halikuwa jambo dogo.

Magoti yananiuma. Shingo inaniuma. Nina nundu kichwani upande wa kulia, kubwa kama nyanya. Na leo sikubeba hata gunia moja. Kazi yangu ni kubeba makabichi na viazi vya Kibumba, kutoka kwenye lori mpaka ndani ya depo, na kutoka depo mpaka kwa wateja walio karibu. Kuna siku nabeba mpaka siwezi kuhesabu, na jioni narudi mzima. Leo nilikaa tu kwenye kiti cha ngozi ndani ya gari la kitajiri, na nimerudi hivi.

Nieleze kwa mpangilio.

Patron wangu tunamwita Papa Gloire, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jumamosi familia yake inakwenda Kalengera, mbele ya Kibumba kwenye njia ya Rutshuru, kupeleka mahari ya Gloire, kwa sababu msichana ni wa huko. Patron ana malori mawili ya makabichi, lakini hataki kufika kwa wakwe na lori. Anataka gari ambalo wakwe watalisikia kabla ya kuliona. Alisema hivyo mwenyewe: "Basikie tuko tunakuya!"

Ndipo Fiston akatokea. Fiston anauza magari. Anavaa viatu vyeupe katika mji wa vumbi jeusi, na kwangu hilo linatosha kumjua mtu. Alileta gari refu, jekundu kama pilipili iliyoiva, lenye safu tatu za viti, place saba. Jante zake, vyuma vya magurudumu, ni kubwa kama sinia za harusi, na pneu ni nyembamba, mpira kidogo tu kuzunguka chuma. Nyuma kuna mabomba manne ya moshi. Alipobonyeza kitufe cha kuwasha, kuku wa jirani waliruka ukuta.

"Papa Gloire," akasema, "hii ni gari ya famille, lakini iko na roho ya course, ya mbio. Zéro mpaka cent, haujameza mate."

Nikajiuliza moyoni ni nani katika mji huu anahitaji kutoka sifuri mpaka mia kwa pumzi moja. Kutoka kwetu mpaka kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, mashimo na pikipiki havikuruhusu kufika hata thelathini. Lakini sikuulizwa.

Sasa, patron ana namna yake ya kununua gari. Hapimi gari likiwa tupu. Malori yake yote aliyapima hivyo: analijaza magunia, analipeleka mlimani, anaangalia kama linakokota tumbo. Basi na gari la famille akawaza vilevile. Akageuka kuangalia kitu cha kujaza ndani, akatuona sisi wabebaji tumekaa juu ya magunia matupu tukisubiri lori lililochelewa.

"Muko hapa bure," akasema. "Mutakuwa famille."

Akachagua wanne, akatugawia watu. Bahati, rafiki yangu ambaye mdomo wake haufungwi, akawekwa mbele karibu na dereva. Yeye alikuwa kaka mkubwa wa patron, yule atakayesema kwa niaba ya familia mbele ya wakwe. Wenzetu wawili wakakaa safu ya pili: mmoja Mama Gloire, mmoja shangazi. Fiston akajibana pamoja nao, akawa Gloire, bwana harusi mwenyewe. Patron akashika usukani. Ikabaki safu ya tatu. Place moja ikapakiwa makreti ya chupa tupu, kwa sababu Jumamosi kutakuwa na vinywaji. Place nyingine patron akaninyooshea kidole.

"Weye utakuwa Koko."

Wote wakacheka. Mimi nina mabega mapana, nyumbani waliniita Kabati. Lakini patron hakuwa anatania. "Kama huyu anaenea," akasema, "Koko ataenea mara mbili."

Koko, yaani bibi, ni mama yake mzazi. Kweli ni mdogo wa mwili, ungeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Lakini nyonga yake ya kushoto ilivunjika zamani, aliteleza shambani na mzigo wa kuni, ikaunga vibaya. Mguu ule haukunjiki. Najua kwa sababu Jumapili mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda misa ya kwanza, wajukuu wakiwa wamelala. Mimi ni wa vilima vya Lubero. Mama yangu yuko huko, na mwaka wa nne sasa sijamuona. Katika Goma hii yote, Koko ndiye mtu pekee anayeniuliza kwa Kinande, lugha yetu, kama nimekula.

Sasa gari lenyewe. Nitasema ukweli wote, hata ule unaolisifu, hasira isinifanye mwongo.

Mbele ni ajabu. Bahati alisema kiti kilimshika kiuno kama mtu anayempenda. Moteur, injini yake, ina nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Tulipotoka katikati ya nyumba kuelekea Kibumba, barabara ikafunguka, patron akakanyaga mara moja tu, na macho yangu yalirudi ndani. Mbuzi walipokatiza, breki zilishika na gari likasimama palepale, halikuyumba. Kwenye kona, malori yetu huinama kama walevi. Hili lilipita limenyooka. Kama ningekuwa kijana, sina mama, na barabara ni ya nchi nyingine, ningelipenda.

Lakini mimi nilikuwa Koko.

Kuingia kwanza. Unakunja kiti cha safu ya pili, unabaki mwanya kama mlango wa banda la kuku. Unaingiza kichwa, unaingiza bega, mguu mmoja unabaki nje unaning'inia. Ili upite, lazima uukunje mpaka goti liguse kifua. Nilipofanya hivyo nilimfikiria Koko kwa mara ya kwanza, na mguu wake usiokunjika. Nikajiambia, labda patron ameshaliwaza hilo.

Kisha kukaa. Kiti kiko chini, sakafu iko juu, kwa hiyo magoti yanakuja kukutana na kidevu. Paa limeshushwa nyuma ili gari lionekane linakimbia hata likiwa limesimama. Uzuri huo wanaufurahia walio nje. Mimi niliulipia kwa kichwa. Dirisha halifunguki. Hewa baridi inatoka mbele, na sisi wa nyuma tunasikia tu wakiisifu.

Halafu Fiston akaegemea mbele akamwonyesha patron kitufe. Mode sport. Ukibonyeza, gari linashuka chini na springi zinakuwa ngumu.

Gari linashuka chini! Kwenye njia ya Rutshuru! Huku kwetu mtu akinunua gari, jambo la kwanza ni kwenda kwa fundi kulipandisha. Huyu anafurahia linaposhuka.

Kuanzia hapo kila jiwe lilipita ndani ya mgongo wangu. Chupa zililia karibu na sikio langu, kreti ilinipiga mbavu. Kabla ya kufika Kibumba tulikutana na shimo moja refu, patron akaliingia kwa mbio za cent, na mimi nikakutana na paa. Nyota nilizoziona, sikuzihesabu.

"Koko!" Bahati akapiga kelele kutoka mbele, bila kugeuka. "Ungali muzima?"

"Koko, usikufe, mahari haijafika!" mwingine akadakia.

Walicheka mpaka gari likajaa kicheko. Nilicheka na mimi. Hilo pia naliandika.

Kibumba kulikuwa na ukungu na baridi kama kawaida. Tulisimama karibu na wanawake wanaouza makabichi kando ya barabara. Mimi nilitoka kitako kwanza, nikishika hapa na pale, na mama mmoja mwenye karoti aliniangalia mpaka mwisho.

"Huyu banamuzala ao banamutosha?" akauliza wenzake, eti ninazaliwa au ninatolewa.

Bado ninanyoosha mgongo, patron akaja. Uso wake unawaka kama wa mtoto wa sikukuu. Akaniuliza, "Basi, Koko, kule nyuma iko aje?"

"Iko bien, patron."

Nataka kueleza hiyo bien, hiyo "nzuri" yangu, kwa sababu kila kitu kimetoka hapo. Huku kwetu patron akikuuliza iko aje, hujibu swali. Unamjibu patron. Ana haraka, ana watu, anapita. Una homa, iko bien. Gunia limekuchubua bega, iko bien. Hujapata habari za nyumbani mwezi mzima, iko bien. Inatoka yenyewe kabla hujafikiri. Ni salamu, na wote tunajua ni salamu, hata yeye anajua. Ndivyo nilivyodhani.

Fiston akairukia kama paka. "Unasikia, Papa Gloire? Mabega yote ile, na anasema iko bien! Koko atalala usingizi mpaka Kalengera."

Patron akampa mkono. Palepale, kando ya makabichi. Na kwa watu wa biashara huku, mkono ukishatolewa haurudishwi.

Ningeweza kusema, "Hapana, patron, ngoja." Maneno matatu. Nikapanda tena nyuma, nikakunja magoti, nikanyamaza mpaka Goma.

Hasira ilianza hapo, na ilianza na mimi.

Tulipofika nyumbani kwa patron, Koko alikuwa mlangoni anachambua maharage kwenye lungo. Bahati akamwita kwa mbali, "Koko, mwenzako huyu hapa, amefika salama!" Koko akacheka, akaniita nikae karibu. Akaniuliza kwa Kinande, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekalia kiti changu. Niambie, mwanangu, mguu wangu utauweka wapi?"

Hakuuliza kama gari ni zuri. Hakuuliza mbio. Wanaume sita tulizunguka na moteur ya silinda nane kwenda na kurudi, na hakuna aliyeuliza hilo.

Nilifungua mdomo, na bien ikataka kutoka tena. Naapa. Nikaimeza. Nikamwambia, "Koko, mguu hauna mahali."

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Basi nitabaki," akasema. "Waende. Watanisimulia."

Angelia, ningevumilia. Angelalamika, ningemtuliza. Lakini alisema kama mtu anayesema leo hatutapika wali. Huyu Gloire ni yeye aliyemlea, mama yake akiwa safarini kwenye biashara. Kitenge cha Jumamosi ameshakitoa kwenye sanduku, kimekunjwa juu ya kitanda, nilikiona Jumapili. Na huko Kalengera, wakwe watamtafuta kwa macho mama mzee wa familia kabla ya kuangalia gari la mtu yeyote. Atabaki kwa sababu mimi nilisalimia.

Nikainuka. Patron na Fiston walikuwa uani, kila mmoja na chupa yake, wanalizunguka gari. Nikasema bila kusalimia.

"Patron, place ya nyuma haiko bien."

Akaniangalia. "Kibumba ulisema nini?"

"Nilisema bien. Lakini ilikuwa ya kujibu tu."

"Ya kujibu tu? Miye nauliza juu ya gari, weye unanipatia salamu?"

Fiston akacheka. "Mubebaji! Ulianza kujua gari lini? Hata vélo hauna."

"Sina baiskeli," nikasema. "Niko na magoti."

Bahati alikuwa nyuma yangu, akaanza kucheka, akaacha.

Sijui ni nini kilinifungua. Nilisema yote. Nilisema gari hili ni la watu wanne wanaokimbia polisi, hao watatu wengine wameongezwa ili muuzaji aseme saba. Nilisema huko lilikotengenezwa, nyuma wanakaa watoto, wanapelekwa shule iliyo karibu, wanashuka. Kwetu nyuma atakaa mama mzee na kreti, mpaka Kalengera, kwa njia ile. Nilisema moteur kama hiyo inataka essence safi na sisi tunanunua petroli ya bidon, ya madumu, kando ya barabara. Nilisema pneu zile jiwe moja tu litazipasua, na atafute nyingine za namba hiyo hapa Goma, tuone. Nilisema kuenea siyo kukaa. Gunia linaenea. Mutu anakaa.

Sauti yangu ilikuwa kubwa. Mama Gloire alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Patron aliweka chupa chini taratibu. "Kesho usikuye kwa kazi," akasema.

Nimeacha shule darasa la tano. Sina mtu hapa Goma wa kunipa kazi nyingine kesho. Niliposikia hivyo, nakiri, kama angeniambia niombe msamaha dakika ile, ningeomba.

Lakini tukasikia fimbo. Koko alikuwa anavuka ua, polepole, akiurusha ule mguu wake mbele kama anavyofanya. Hakuniangalia. Alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Mufungue hiyo gari. Nataka kuona place yangu."

Fiston akakimbia kukunja kiti. "Karibu, Koko, karibu, hii ni ngozi ya kweli..."

Koko akampa mwanawe fimbo. Akaingiza kichwa. Akapandisha mguu mzima. Ule mwingine ukabaki. Akavuta, haukuja. Akajaribu kugeuka, akakwama. Alibaki hivyo, mguu mmoja ndani, mwingine unaning'inia hewani, mikono imeng'ang'ania kiti, kitenge kimevutika mpaka juu ya goti, mama mzee wa watu, mbele ya wabebaji.

"Sasa?" akauliza kutoka ndani. "Nyinyi munajua magari. Sasa nifanye aje?"

Fiston alikuwa anaangalia viatu vyake. Patron ikabidi aweke fimbo chini, amshike mama yake kiunoni kwa mikono miwili, amtoe kama unavyomtoa mtoto kwenye beseni. Niliuona uso wake. Sikumwonea huruma.

Koko alinyoosha kitenge chake, akapumua. "Hii gari iko na mbio ya kweli," akasema. "Imeniacha hata haijaondoka."

Mama Gloire ndiye aliyecheka wa kwanza, akaziba mdomo na mwiko. Halafu Bahati. Patron hakucheka. Aliokota fimbo akamrudishia mama yake, kisha akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba Jumamosi Koko atakaa mbele karibu naye, kiti kirudishwe nyuma kabisa anyooshe mguu. Kaka mkubwa wa patron atakwenda safu ya tatu. Na hiyo mode sport, Fiston aiondoe, asiione tena.

"Haitoki, Papa Gloire, iko ndani ya gari..."

"Basi usinionyeshe kitufe."

Kwangu alisema neno moja tu nilipokuwa natoka getini. "Makabichi inafika saa kumi na mbili ya asubuhi. Usichelewe." Hakuomba msamaha. Nimebaki na kazi, na sijui kama nimshukuru.

Hasira bado iko. Nina hasira na Fiston na viatu vyake. Nina hasira na mtu nisiyemjua, huko mbali, aliyechora safu ya tatu bila kuikalia. Nina hasira na patron, aliyehitaji kuona mama yake ananing'inia ili aamini jambo ambalo macho yake yameliona miaka yote, kila anapotembea uani.

Na nina hasira na mimi. Ni rahisi kusema hawakunisikiliza. Waliponiuliza, walinisikiliza vizuri sana. Mimi ndiye niliyewapa uongo, na kwa adabu.

Kwa hiyo kesho asubuhi patron akiniuliza iko aje, nitamwambia magoti yanauma. Tuone atafanya nini. Labda atashangaa, labda atanifukuza safari hii kweli. Nitasema tu.

Kaka mkubwa wa patron bado hajaambiwa kwamba place ya Koko sasa ni yake. Ni mtu mrefu, anapita milango yetu ameinama, na tumbo linamtangulia. Anapenda heshima, anapenda kiti cha mbele. Jumamosi nitakuwepo kupakia makreti. Mlango wa nyuma nitamfungulia mimi mwenyewe.